Hesabu ya jiwe haiko siri ya mnunuzi

Bandugu wachimbaji, kuko neno moja linalotuumiza kila siku: teneri, ni kusema, kiasi cha shaba kilichomo ndani ya jiwe.

Siku moja nilisindikiza vijana kwenye depo moja, pembeni ya Kolwezi. Mfuko wao wa malakiti ulikuwa na kilo 50. Mnunuzi akaelekeza kimashine chake cha Metorex juu ya jiwe, akageuza kioo upande wake, akasema: "Mbili." Akalipa. Vijana walikuwa na hakika ya nne, lakini hakuna aliyeona namba.

Nyumbani nikamweleza binti yangu, anayesoma kemia. Akachukua kalamu: "Papa, haiko nguvu. Gramu 63,5 za shaba ni moli moja, na ndani ya moli moja muko atomu 6,022 × 10²³. Kwa kilo moja, gawanya 1000 kwa 63,5, unapata moli 15,7. Kisha zidisha." Jibu ni karibu 95 ikifuatwa na sifuri 23.

Sasa tazameni. Nne kwa mia ya kilo 50 ni kilo mbili za shaba. Mbili kwa mia ni kilo moja. Kama vijana walisema kweli, atomu zote hizo zilipotea kwa neno moja la mdomo.

Kuko wanaosema mchimbaji anatafuta unga, hapana kemia. Mimi najibu: unga njo unatoka mule. Katika malakiti safi, kati ya atomu kumi, mbili tu ni za shaba. Lakini shaba iko nzito: hizo mbili zinabeba 57,5 kwa mia ya uzito. Hicho ni kikomo. Mfuko wetu umechanganyika na udongo, kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi, lazima kupima.

Basi tudai mambo matatu. Kioo cha mashine kionwe na pande zote mbili. Mawe ya kupima yatoke juu, katikati na chini ya mfuko, yasagwe pamoja. Na kila kooperative ijinunulie kimashine chake, hata kwa kuchanga kidogo kidogo.

Na ninyi walimu, fundisheni moli kwa jiwe la kijani. Watoto wetu wanakaa juu yake.

Mizani tulikwisha kuizoea. Sasa tuzoee na hesabu.