Mdahalishi Bila Mdahalo: Nani Aliyelivunja Baraza la Mtandaoni?

Intaneti ilipoanza kuzoeleka nchini Kenya, baadhi ya waandishi wa Kiswahili waliiita mdahalishi. Neno hilo halikupata mashiko. Leo wengi husema intaneti au mtandao. Hata hivyo, sikio la mwanalugha husikia ndani yake neno mdahalo, na kwa hilo lilibeba ukweli ambao maneno yaliyolishinda hayakuubeba. Kabla intaneti haijawa soko na ukumbi wa sinema, sehemu yake kubwa ilikuwa baraza. Watu wasioonana waliulizana, wakajibizana na kukosoana kwa maandishi. Baraza hilo limevunjika. Wapo wanaodai kwamba lilivunjwa na teknolojia mpya, na wapo wanaoulaumu wingi wa wageni. Madai yote mawili yanastahili kuchunguzwa upya, hasa na mwanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu kilicholiangusha baraza hilo kinaitafuna mijadala ya lugha yake hivi leo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Usenet. Mnamo 1979, Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, walibuni njia ya kuziwezesha tarakilishi kupelekeana habari kwa laini za simu. Mtandao huo ulianza kazi 1980. Haukuwa na makao makuu wala mmiliki. Ujumbe ulioandikwa katika kituo kimoja ulinakiliwa na kituo jirani, nacho kikaupeleka mbele, hadi kila kituo kikawa na nakala yake. Mijadala iligawanywa katika makundi kwa kufuata mada: sayansi, tarakilishi, burudani, jamii na tamaduni. Ni katika makundi hayo ambapo Tim Berners-Lee aliitangaza Wavuti mnamo Agosti 1991. Mwezi uo huo, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliomba humo maoni ya wenzake kuhusu mfumo endeshi aliokuwa akiutengeneza, ambao baadaye ulijulikana ulimwenguni kwa jina la Linux.

Baraza hilo lilikuwa na adabu zake. Mgeni alitarajiwa kunyamaza kwanza na kusoma. Maswali yaliyoulizwa mara kwa mara yalikusanywa pamoja na majibu yake, yakapangwa na kuchapishwa upya kila baada ya muda, ili mjadala usirudi nyuma kila mtu mpya anapobisha hodi. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vikuu vya Marekani walimiminika wakiwa na maswali yale yale na makosa yale yale. Wenyeji walinung'unika, wakawakosoa, na baada ya majuma machache wageni wakawa wenyeji.

Kisha kampuni za kuuza huduma za mtandao, AOL ikiwa mojawapo, zikawafungulia wateja wao mlango wa Usenet katika miaka ya 1993 na 1994. Wageni hawakuja tena kwa msimu. Walikuja kila siku. Wakongwe wakaupa mkondo huo jina la Septemba isiyokwisha. Hapa ndipo lawama dhidi ya wageni ilipozaliwa, na hapa ndipo inapokosea. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hakuwahi kuwa ugonjwa wa baraza hilo, kwani wenyeji wote walikuwa wageni wa Septemba fulani. Kilichobadilika ni kwamba aliyefungua mlango hakuwajibika kumfunza aingiaye.

Fauka ya hayo, pigo kubwa la mwaka 1994 halikutoka kwa wasiojua. Tarehe 12 Aprili, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walisambaza tangazo moja katika maelfu ya makundi bila kujali mada zake, wakiuza huduma zao kwa waliotaka kuingia katika bahati nasibu ya vibali vya ukaazi wa Marekani. Walilaaniwa vikali, lakini hawakuona haya. Baadaye waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine mbinu hiyo. Huo haukuwa ujinga wa mgeni. Ilikuwa biashara iliyotambua kwamba baraza lisilo na askari linaweza kugeuzwa ubao wa matangazo. Faili za picha na filamu zilipozidi kujaza hifadhi, gharama zikapanda, nazo kampuni zikaanza kujiondoa. AOL ilijitoa 2005. Chuo Kikuu cha Duke chenyewe kilizima kituo chake mnamo Mei 2010. Februari 2024, Google, iliyokuwa imenunua hifadhi kubwa ya mijadala hiyo mwaka 2001, ilikoma kupokea ujumbe mpya wa Usenet, ikabakiza yale ya kale yasomwe tu.

Ni haki kukiri kwamba baraza la kale halikuwa pepo. Lilitawaliwa na Kiingereza, na lilikuwa la wenye tarakilishi, yaani wanavyuo na wahandisi wa nchi tajiri. Matusi nayo hayakukosekana. Mwanafunzi wa Kakamega au Lamu hakuwa na kiti pale. Simu ya mkononi ndiyo iliyompa kiti hicho, na hakuna mwenye busara atakayetamani kumwondoa. Hoja basi si kuurudisha mlango mwembamba. Hoja ni nani anayekaa mlangoni.

Historia ya Kenya inalijibu swali hilo kwa uchungu. Mashada lilikuwa miongoni mwa mabaraza ya awali ya Wakenya mtandaoni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mijadala yake iligeuka uwanja wa chuki za kikabila, na mwishoni mwa Januari 2008 mwanzilishi wake, David Kobia, akaifunga. Mahali pake akafungua ukurasa ulioitwa I Have No Tribe, uliowaalika Wakenya kuandika kuhusu utaifa wao. Teknolojia ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba mwenye baraza alithubutu kusema hili litasemwa hapa, na lile halitasemwa.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, uzoefu huu si wa ugenini. Malumbano ya washairi magazetini yalikuwa na mhariri, na yalibaki katika karatasi. Mgogoro kuhusu mashairi huru, uliopamba moto katika miaka ya 1970 wakati ambapo diwani ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi, ilichapishwa 1974, ungali unafundishwa vyuoni kwa sababu hoja za pande zote zilichapishwa na kuhifadhiwa. Je, mijadala ya leo itafundishwa na nani? Kila siku katika makundi ya WhatsApp wanafunzi na walimu hubishania ngeli ya neno fulani, au kama kompyuta iitwe tarakilishi, au kama rununu inafaa kuliko simu ya mkononi. Humo hutolewa hoja ambazo zingetosha kuzaa tasnifu. Baada ya juma moja hoja hizo zimefunikwa na salamu, michango ya harusi na matangazo ya biashara. Simu ikipotea, zinapotea nayo. Mwezi ufuatao swali lile lile linaulizwa upya, na mjuzi aliyelijibu mara tatu anachoka na kunyamaza. Hiyo ndiyo Septemba isiyokwisha ya Kiswahili.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kumteua msimamizi wa mijadala, kama kinavyomteua mweka hazina, awe na mamlaka ya kurekebisha na kuzuia. Kila mwisho wa muhula, hoja kuu zifupishwe, majina ya waliozitoa yatajwe kwa idhini yao, na muhtasari uchapishwe katika jarida na nakala yake iwekwe maktabani. Maswali yajirudiayo yakusanywe pamoja na majibu yake, apewe mwanafunzi mpya siku anapojiunga. Wahadhiri nao waihesabu kazi hiyo kuwa ya kitaaluma, wala wasiione kuwa porojo za simuni.

Baraza la Usenet halikufa kwa kukosa watu wala mitambo. Lilikufa kwa sababu kazi ya kumpokea mgeni na kuitunza kumbukumbu ilikuwa ya kila mtu, na hatimaye ikawa si ya mtu yeyote. Wanafunzi wa Kiswahili wanao watu, na simu wanazo. Kilichobaki ni kuamua nani atakayekaa mlangoni.