Nyumba Yetu: Kile Kidato cha Ndani Kinachotuangusha

Mwezi huu katika safu yetu tunaongea juu ya kitu kidogo, hakifiki hata goti, lakini kinaweza kumlaza mtu mzima kitandani miezi mitatu. Ni kidato. Hapana, si kidato cha kwanza wala cha nne kule shuleni! Ni kile kidato kimoja kilichoko ndani ya nyumba, kati ya sebule na chumba cha kulala, ama pale mlangoni ukiingia.

Familia nyingi zimepita kwenye tenti kwanza. Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walivuka Malaba na Busia, na mwaka 2008 wengi wakawekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Wengine wetu tulikuwa watoto wadogo wakati huo. Sasa, tenti haina kidato. Sakafu ni ile ile ardhi, unaingia na kutoka bila kuinua mguu. Siku unapojenga nyumba ya udongo au kupanga chumba, ndipo unapokutana nacho, na mguu wako haujakizoea.

Tukitembea Merikit na vijiji vya njia ya kwenda Malaba, nyumba nyingi za udongo na za matofali zina kidato, na kina sababu zake. Ya kwanza ni mvua. Kuanzia Machi hadi Mei maji hutiririka uani, kwa hiyo mlango huwekewa kizingiti kilichoinuka ili maji yasiingie. Ya pili ni mteremko wa kiwanja: ukijenga bila kusawazisha ardhi, chumba cha nyuma kinakaa chini au juu ya kile cha mbele. Ya tatu ni kuongeza chumba. Familia inakua, mzee anaunganisha chumba kipya nyuma, na sakafu mbili hazilingani. Kwa hiyo hatusemi mwenye nyumba alikosea. Tunasema tu kidato kikishakuwepo, kionekane.

Kwa nini kidato kimoja ni hatari kuliko ngazi kumi? Kwa sababu ngazi kumi unaziona toka mbali na unajiandaa. Kidato kimoja hakikutishi. Tena mtu akitembea kawaida, vidole vyake vya mguu hupita juu ya sakafu kwa nafasi ndogo tu, sentimita moja au mbili hivi. Kizingiti cha vidole vinne kinatosha kumkwaa. Na kama kidato kinashuka, mguu unatafuta sakafu pale ilipozoeleka, haiko, na mwili wote unafuata.

Ongeza giza. Ukitoka kwenye jua la saa saba mchana ukaingia nyumba yenye dirisha dogo, macho hayaoni vizuri kwa muda kidogo. Kuzoea giza kabisa huchukua dakika 20 mpaka 30. Kwa wazee ni zaidi: mtu wa miaka 60 jicho lake hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga ambao jicho la kijana wa miaka 20 hupokea. Halafu sakafu yenyewe imepakwa samadi ya ng'ombe, kidato kimepakwa samadi hiyo hiyo, rangi ni moja. Utakionaje? Na mama aliyebeba beseni la nguo, au mtoto kifuani, au jerikeni la lita 20 mikononi, hata mchana haoni miguu yake.

Msidhani tunakuza mambo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya 80 katika kila 100 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama hizi zetu. Wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea.

Hapa jirani kuna nyanya aliyeamka usiku kwenda kujisaidia. Taa ya sola ilikuwa imeisha chaji. Akashuka kidato asichokiona, akavunjika mfupa wa nyonga. Sisi tulijua habari hiyo darasani kabla ya kuambiwa na mtu, kwa sababu mjukuu wake wa darasa la sita hakuja Jumatatu, hakuja Jumanne, mpaka wiki ya tatu ndipo tukaenda kuuliza. Kumbe ndiye anayemgeuza nyanya kitandani, anayechota maji, anayepanga foleni ya chakula. Alikosa muhula mzima. Kidato cha sentimita 15 kilivunja mtu mmoja na kikarudisha nyuma watu wawili. Ndiyo maana sisi walimu tunaandika juu ya sakafu na siyo juu ya vitabu tu.

Basi tufanye nini? Kazi hii ni ya Jumamosi moja, na vitu vyake vingi havinunuliwi.

Kwanza, kitafuteni kidato. Ninyi mmekizoea, kwa hiyo muiteni mgeni. Aingie kutoka juani, atembee mpaka chumba cha nyuma, nanyi mtazame mguu wake unasita wapi. Rudieni jioni kabla ya kuwasha taa.

Pili, tengenezeni ukingo. Kidato cha udongo huliwa pembeni mpaka kinakuwa cha mviringo, na mguu unateleza. Chukueni udongo wa kichuguu, changanyeni na mchanga kidogo na nyasi zilizokatwa fupi, mkanyage kwa miguu na maji, mwache ulale usiku mmoja. Asubuhi lowesheni kidato cha zamani ndipo mbandike mpya, la sivyo hautashika. Funikeni kwa gunia bichi siku mbili tatu ili ukauke polepole usipasuke. Mwenye matofali ya kuchoma anaweza kuyapanga ukingoni, ni imara zaidi.

Tatu, pimeni urefu. Kama kidato kinazidi sentimita 20, yaani shubiri moja ya mtu mzima hivi, afadhali kigawanywe viwili vilivyo sawa. Tunarudia: vilivyo sawa. Kimoja kirefu na kimoja kifupi ni mtego, kwa sababu mguu ukishapima cha kwanza unategemea cha pili kiwe hivyo hivyo. Kila kimoja kiwe na nafasi ya kuweka unyayo mzima. Na kama nyumbani kuna mtu wa kiti cha magurudumu au wa magongo, tengenezeni mteremko. Hesabu yake ni rahisi, watoto wa darasa la nne wanaweza: kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Kidato cha sentimita 10 kinataka mteremko wa sentimita 120.

Nne, pakeni mstari. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Upana wa vidole vitatu, juu ya ukingo na upande wa mbele pia, kutoka ukuta mpaka ukuta. Sakafu ikiwa ya kahawia au nyeusi, mstari uwe mweupe. Sakafu ikiwa ya saruji nyeupe nyeupe, mstari uwe mweusi, wa masizi ya sufuria yaliyochanganywa na udongo laini. Kinachosaidia jicho ni tofauti ya rangi, siyo uzuri wa rangi. Kwa weupe, chokaa ndiyo bora. Huku Tororo vilima vina mawe ya chokaa, na kiwanda cha saruji kilijengwa hapo kwa sababu hiyo. Changanyeni chokaa na maji mpaka iwe kama uji mwepesi, tieni chumvi kidogo ishike, mpake mara mbili. Lakini angalieni: chokaa inachoma macho. Vaeni mifuko ya nailoni mikononi, watoto wakae nje, na ikimwingia mtu jichoni aoshwe kwa maji safi mengi kisha apelekwe zahanati. Asiye na chokaa atumie udongo mweupe au jivu laini. Hivyo vinafutika upesi, kwa hiyo rudieni kila mnapopaka sakafu samadi. Ule unga mweusi wa ndani ya betri kuukuu msiutumie kabisa, watoto wetu hutambaa hapo na kuweka mikono mdomoni.

Tano, leteni mwanga. Mwenye bati anaweza kufanya kama fundi Alfredo Moser wa Brazil alivyofanya mwaka 2002. Alichukua chupa ya plastiki ya lita mbili iliyo wazi, akaijaza maji safi na vifuniko viwili vya dawa ya kung'arisha nguo, akatoboa bati na kuipachika nusu juu nusu chini, akaziba pembeni maji ya mvua yasipite. Mchana chupa hiyo inatoa mwanga kama wa balbu ya wati 40 mpaka 60, na haitumii umeme. Kwenye turubai au nyasi haifai, ni kwa bati tu. Usiku taa ya sola iwekwe karibu na kidato, siyo juu ya kabati. Koroboi msiiweke chini hapo, nguo zitashika moto.

Sita, mahali pa kushika. Mti mmoja laini uliochimbiwa pembeni ya kidato, au kipande cha mbao kilichopigiliwa kwenye mwimo wa mlango, urefu wa kiunoni. Mvuteni kwa nguvu zenu zote kabla ya kumpa mzee. Ukicheza, haujafaa.

Na mwisho, msiweke mkeka, gunia wala ndala juu ya kidato. Mkeka unaficha na gunia linateleza.

Wale mliopanga, au mnaokaa nyumba ya mtu, kupaka mstari hakuhitaji ruhusa kubwa, mwambieni tu mwenye nyumba. Kubomoa na kujenga upya, hapo ombeni kwanza.

Tusisahau macho yenyewe. Mtoto anayejigonga kila jioni, wenzake wakiona vizuri, huenda amekosa vitamini A. Mpeni mboga za majani, papai, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na mpelekeni zahanati. Mzee mwenye wingu jeupe jichoni huenda ana mtoto wa jicho. Huo unaondolewa kwa upasuaji, asiambiwe tu kwamba ni uzee.

Na mtu akianguka, akawa hawezi kusimama, mguu mmoja ukaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, msimvute wala kumkanda. Hiyo ni dalili ya nyonga kuvunjika. Mlazeni vile vile, mmfunike, mtafute machela.

Kazi ya watoto mwezi huu: pimeni kidato cha nyumbani kwenu kwa rula, mchore, mwandike ni sentimita ngapi na rangi gani. Leteni darasani Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Tutajumlisha vyote tujue vingapi bado havina mstari. Wakubwa wenye nguvu watusaidie kwa nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Sisi tutakuja na ndoo na brashi, mtupatie mikono tu.

Na mgeni akipiga hodi, tumzoeze jibu jipya: "Karibu, angalia kidato!" Mwezi ujao tutaongea juu ya kuhifadhi maji ya kunywa. Mbaki salama.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.