Golikipa Hahesabiwi kwa Bao Moja

Katika kila mtaa ambako watoto hucheza chandimu baada ya alasiri, yupo mmoja anayesimamishwa golini kwa sababu wenzake wote wamekataa. Washambuliaji wakikosa mabao kumi, makosa yao husahauliwa kabla ya jua kuzama. Yeye akiachia moja, hurudi nalo nyumbani, na mara nyingine hulikuta limekwishafika mkekani kabla yake, kwa kuwa kaka yake amewahi kulisimulia. Juma hili tumeona vyema tumtazame mtu aliyeishi na hesabu ya namna hiyo maisha yake yote ya kazi, kwanza kati ya milingoti, kisha katika benchi la ufundi. Mtu huyo ni Badou Zaki wa Morocco.

Zaki alizaliwa mwaka 1959 katika mji wa Sidi Kacem, na jina lake likakua akiwa golikipa wa klabu ya Wydad ya Casablanca. Mwaka 1986 alisimama katika lango la Morocco kwenye Kombe la Dunia nchini Mexico. Kundi lao lilikuwa na Poland, Uingereza na Ureno, na wachache waliwapa nafasi. Poland ilitoka bila bao, Uingereza nayo ikatoka bila bao, na Ureno ikafungwa mabao matatu kwa moja. Morocco ikaongoza kundi, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuvuka hatua ya makundi ya Kombe la Dunia. Katika mechi tatu hizo Zaki aliruhusu bao moja tu.

Kisha ikaja Ujerumani Magharibi. Kwa karibu dakika tisini mpira haukupita. Zilipobaki dakika chache, Lothar Matthäus alipiga mpira wa adhabu wa mbali, wa chini chini, ukaingia. Safari ikaishia hapo. Hata hivyo, mwaka huohuo Zaki alitunukiwa Mpira wa Dhahabu wa Afrika, tuzo iliyokuwa ikitolewa na gazeti la France Football, ambayo miongoni mwa magolikipa aliyewahi kuipata mwingine ni Thomas N'Kono wa Kameruni peke yake. Waliompa tuzo walipima kazi ya mwaka mzima. Hawakumpima kwa dakika ile moja.

Kutoka hapo alikwenda Hispania kuichezea Mallorca. Mwaka 1991 klabu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Mfalme kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ilifungwa na Atlético Madrid bao moja bila jibu, nalo lilipatikana katika muda wa nyongeza. Ilikuwa mara ya pili kwa Zaki kuona jasho la muda mrefu likimalizwa na mpira mmoja.

Mtu mwingine angeutupa mpira mbali na nyumba yake. Zaki aliuchukua kwa mkono mwingine, akawa kocha, na mwaka 2002 akakabidhiwa timu ya taifa. Mwaka 2004, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia, vijana wake waliifunga Nigeria katika mechi ya kwanza. Kwenye robo fainali walikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Algeria hadi dakika za majeruhi, Marouane Chamakh akasawazisha, nao wakashinda mabao matatu kwa moja katika muda wa nyongeza. Nusu fainali wakaifunga Mali mabao manne. Fainali ilikuwa dhidi ya wenyeji, Tunisia. Matokeo yakiwa moja kwa moja, mara tu baada ya mapumziko, krosi ilimponyoka golikipa wa Morocco, na Ziad Jaziri akaukwamisha mpira wavuni. Mechi ikaisha kwa mabao mawili kwa moja.

Tuifikirie hali hiyo. Aliyekuwa pembeni ya uwanja ni mtu aliyejua mikononi mwake uzito wa mpira unaoponyoka. Lakini kocha hana glovu. Kosa la mwingine huandikwa katika daftari lake, naye hana budi kulipokea. Alibaki na timu hiyo katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2006. Morocco haikufungwa hata mechi moja katika kundi lake, lakini ilizidiwa na Tunisia kwa pointi moja, na Zaki akaondoka.

Mwaka 2014 aliitwa tena, aiandae timu kwa Kombe la Afrika lililokuwa lifanyike nyumbani Morocco. Serikali, kwa hofu ya ugonjwa wa Ebola, iliomba mashindano yaahirishwe. Ombi likakataliwa, mashindano yakahamishiwa Guinea ya Ikweta, na Morocco ikaondolewa. Mapema mwaka 2016 nafasi yake ilichukuliwa na Mfaransa Hervé Renard, ingawa timu ilikuwa imeshinda mechi zake mbili za mwanzo za kufuzu fainali zilizofuata.

Baadaye alipewa timu ya taifa ya Niger, iliyopangwa kundi moja na Morocco na Tanzania katika kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Machi 2025, mjini Oujda, alisimama dhidi ya nchi yake mwenyewe. Niger ilitangulia kufunga. Morocco ikasawazisha, kisha ikapata bao la ushindi katika dakika za nyongeza. Miaka karibu arobaini baada ya Mexico, dakika za mwisho zilimfuata tena, na safari hii zilivaa jezi aliyoitumikia.

Akihesabiwa kwa mabao hayo, Zaki ataonekana mtu wa kukosa. Akihesabiwa kwa aliyoyazuia na aliyoyajenga, ni nguzo: Morocco ilisubiri hadi mwaka 2022, miaka 36, kuvuka tena hatua ya makundi aliyoivuka yeye.

Wazazi wenzetu, wako watoto wanaotuletea ripoti ya shule yenye masomo manane mazuri na moja baya, nasi kidole chetu hutua penye lile baya kabla hata hatujaketi. Kisha tunamkumbusha mtoto kwamba mchuma janga hula na wa kwao, kana kwamba methali hiyo ni fimbo. Tuisikilize vizuri. Inasema wa kwao huketi naye na kula naye. Jioni hii, golikipa wa mtaani akiingia mlangoni na vumbi lake magotini, tumwulize kwanza ameokoa mingapi.