Karatasi ya kubeba takataka: tuiombe sisi, kabla hatujaandikiwa

Nianze na jambo lililotokea kwetu, upande wa Masisi, wakati tulipokuwa tunatayarisha mashamba ya viazi. Kijana mmoja wa chukudu alikuwa anateremsha magunia sita ya samadi kutoka malisho ya ng'ombe kwenda kwenye shamba la kooperative. Alipofika kwenye bariere moja (sitaitaja, maana tunapita hapo kila siku) akasimamishwa.

«Umebeba nini?»

«Mbolea, shefu.»

Yule akafungua gunia, akanusa, akasema: «Hii ni takataka. Karatasi ya kubeba takataka iko wapi?»

Kijana hakuwa na karatasi kama hiyo. Hata mimi, katibu wa kooperative, sijawahi kuiona. Akalipa franka elfu moja, hakupewa kwitansi, akaendelea na safari. Nyuma yake kulikuwa na kamio inayoteremka na magunia ya maharagwe. Juu ya maharagwe kulifungwa gunia moja la plastiki lililojaa chupa tupu za dawa za shamba, ambazo mtu alikuwa anazipeleka sokoni kuuza. Kamio ililipa ile pesa ya kila siku ya kupita. Juu ya zile chupa, hakuna aliyeuliza neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema kwenye mikutano, na leo ninaandika: leseni ya kubeba takataka tunaihitaji, lakini si kwa samadi. Tunaihitaji kwa zile chupa. Na ikiwa sisi wa kooperative hatutasema wazi tunataka nini, siku moja mtu mwingine atatuandikia karatasi hiyo, na itaanza kulipishwa kwa yule wa chukudu.

Ninajua wengi wenu mkisikia neno «leseni» mnashika mfuko. Mna sababu. Wachunguzi wa IPIS, katika ripoti yao ya mwaka 2017, waliandika bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini pamoja. Nyingine ni za leta, nyingine za wenye silaha, nyingine hata anayelipa hajui ni za nani. Nani anashika bariere gani leo, hiyo si kazi ya gazeti hili. Lakini kila mtu aliyetoka Kashebere mpaka Sake na mzigo anajua kwamba kwa barabara zetu, karatasi mpya ni sababu mpya ya kusimamishwa.

Tufanye hesabu kidogo. Viazi vinataka samadi nyingi, tuseme tani 20 kwa hekta. Mama mwenye nusu hekta anahitaji tani 10, yaani magunia 200 ya kilo 50. Chukudu ikibeba magunia sita, hiyo ni safari 34. Tuseme kuna bariere mbili njiani, na kila moja inaomba franka elfu moja kwa ile «takataka». Ni franka 68,000, kabla hajamlipa mwenye chukudu, kabla hajanunua mbegu. Huyo mama hatabeba samadi. Atapanda bila mbolea, na mwaka wa pili udongo utachoka, hata huu wetu ambao tunausifu kwamba ni mweusi na wa moto wa mlima.

Kwa hiyo, jambo la kwanza: samadi si takataka. Maganda ya mpunga ya Walikale si takataka, yale mabaki ya mawese baada ya kukamua si takataka, maganda ya maharagwe si takataka, ikiwa yanaenda shambani au kwa mifugo. Ni mali ya shamba inayotoka mahali pamoja kwenda pengine. Leseni yoyote itakayoandikwa iseme hivyo kwa maneno, si kwa kimya. Kimya ndicho kinachompa mtu wa bariere nafasi ya kunusa gunia na kutoa jina.

Kuna rafiki yangu mwalimu aliyenipinga hapa. Alisema: ukiruhusu kila kitu kinachoitwa mbolea, watu watabeba takataka za soko za Goma, zenye mifuko ya plastiki, betri na vioo, wataziita kompo na kuzimwaga shambani. Ana haki. Nimeona mwenyewe shamba la vitunguu ambalo linatoa mifuko kuliko majani. Takataka za mji zilizochanganywa si samadi, na anayezibeba kwa kamio aulizwe: umezichambua wapi, na nani? Lakini gunia la mavi ya ng'ombe kila mtu analitambua, hata gizani.

Sasa tuje kwenye chupa, maana hapo ndipo penye hatari yenyewe.

Sote tunatumia dawa. Ya mildiu ya viazi, ya wadudu wa maharagwe, ya kupe kwa ng'ombe. Dawa ikiisha, chupa inabaki, na chupa nzuri yenye kifuniko haitupwi kwetu. Inaoshwa mara moja kwa maji ya mto, inatiwa petroli, au mafuta ya mawese, au maziwa. Mawese ya Walikale yanayouzwa kwa nusu lita yanauzwa ndani ya chupa gani? Angalieni vizuri siku ya soko. Dawa nyingi za wadudu zinashika kwenye plastiki, na mafuta yanazivuta kuliko maji yanavyozivuta. Mtoto atakula sombe iliyopikwa na mafuta hayo, atatapika, tutasema ni malaria au ni sumu ya jirani.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kamio yenyewe. Magari yetu yanapanda na bidhaa za duka: sabuni, chumvi, mabati, dawa za shamba. Yanateremka na chakula: viazi, maharagwe, mahindi, jibini la Masisi. Gari ni lile lile, bashi ni lile lile. Shoferi hawezi kurudi mtupu, mafuta ni ghali mno. Kwa hiyo chupa tupu zikianza kurudi mjini, zitarudi juu ya chakula chetu, kama nilivyoona siku ile. Ikiwa leseni itakuwa na sharti moja tu, mimi ningechagua hili: anayebeba mabaki ya sumu asibebe chakula katika safari hiyo hiyo, na bashi lioshwe kabla chakula hakijapakiwa. Hata kama hakuna mahakama ya kulisimamia, ninyi wenye maharagwe mnaweza kulisimamia. Mnakataa kupakia, basi.

Sheria hatukosi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, ile ya kanuni za msingi za kulinda mazingira, inasema kwamba leta, jimbo na zile entite za chini zinazojitawala ndizo zenye kazi ya kusimamia takataka kwa namna isiyoharibu mazingira na afya. Inakataza pia kuziweka au kuziacha mahali pasiporuhusiwa. Kwa Katiba yetu, entite hizo ni pamoja na sekta na sheferi. Maana yake kwetu Masisi ni sheferi ya Bahunde na ya Bashali, sekta ya Osso-Banyungu na ya Katoyi. Kwa ndugu zetu wa Walikale ni sekta ya Wanianga na ya Bakano. Hatulazimiki kungoja Kinshasa itukumbuke. Mlango wa kwanza wa kubisha uko karibu, na ni mlango ambao kooperative nyingi zimeshabisha kwa mambo ya mashamba na masoko.

Majirani wamekwisha kutembea njia hii, tunaweza kuangalia nyayo zao. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2006, aliyebeba takataka alitakiwa awe na leseni ya NEMA, yaani mamlaka yao ya mazingira, na leseni hiyo ilikuwa ya mwaka mmoja. Gari lilitakiwa lisimwage wala kupeperusha takataka njiani, lifuate njia iliyokubaliwa, na shoferi awe na fomu ya mzigo. Uganda iliandika kanuni zake mwaka 1999, ikaziandika upya mwaka 2020. Siwaambii kwamba huko kila kitu ni safi. Ninachopenda ni ile fomu tu. Inasema nani ametoa mzigo, nani anaubeba, nani anaupokea. Kila mmoja anajaza sehemu yake. Ni sawa na ile bordero tunayoijua sote tunapotuma viazi Goma: gunia likipotea, tunajua limepotelea kwa mkono wa nani.

Karatasi yetu basi iwe namna hiyo. Iwe moja tu, ya mwaka mzima, yenye kupita barabara yote bila kununuliwa tena kila kilometa kumi. Bei iandikwe juu yake kwa tarakimu kubwa ili hata asiyejua kusoma aijue, na anayelipa apewe kwitansi. Iwe ya magari tu. Mwenye chukudu au moto anayeleta chupa kumi kutoka kijijini mpaka stoo ya kooperative asiulizwe kitu, maana yeye anatusaidia. Ukimtoza, kesho atazitupa kwenye mto. Na kooperative iweze kuishika leseni kwa jina lake, isiwe ni mali ya mfanyabiashara mmoja mwenye magari, atakayejifungia kazi yote na kutupangia bei. Hili la mwisho tuliangalie sana. Nimeona leseni nyingine katika maisha yangu ambazo zilianza kwa kulinda watu zikaisha kwa kulinda mtu.

Lakini kuna swali ambalo linanisumbua, na sitaki kulificha. Mwenye leseni atapeleka wapi? Kubeba kwa ruhusa, halafu kumwaga kwenye korongo, hakutusaidii. Chupa za dawa haziunguzwi kwa moto wa uwanjani. Moshi wake ni sumu nyingine, zinataka tanuru lenye joto kubwa sana ambalo sisi hatuna. Kuzizika karibu na chemchemi ni vibaya zaidi. Kuzivusha mpaka kwenda nchi ya jirani si jambo la kufanya kimya kimya, maana mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unataka nchi inayopokea takataka za sumu ikubali kwanza kwa maandishi. Mimi ninaona njia moja inayowezekana: aliyeuza dawa apokee chupa. Yeye ndiye mwenye njia ya kuifikia kampuni iliyoileta. Sharti hilo liandikwe ndani ya leseni, kwenye ile nafasi ya «nani anapokea», na wenye duka za dawa waitwe kwenye mkutano kabla ya leseni kutolewa, si baadaye. Watalalamika. Lakini mteja wao mkubwa ni nani? Ni kooperative. Tukisema pamoja kwamba tutanunua kwa yule tu anayepokea chupa zake, wa kwanza atakubali na wengine watamfuata.

Na mashirika yanayotugawia dawa, pamoja na hili linalotoa gazeti hili, yasikasirike nikiyataja. Dawa ikigawiwa bure, chupa yake nayo ina mwenyewe. Gari la mradi linalorudi Goma likiwa na watu wawili na viti vitatu vitupu lina nafasi ya gunia.

Wakati tunangoja, kuna kazi isiyohitaji leseni. Chupa ikiisha, tia maji kiasi cha robo, funga, tikisa kwa nusu dakika, mimina ndani ya pompe ya kunyunyizia ili hayo maji nayo yaende shambani. Fanya hivyo mara tatu. Halafu itoboe kwa msumari, chini na ubavuni, isiweze tena kushika mafuta ya mtu. Msiwaachie watoto kazi hiyo. Katika kooperative yetu tumefungua kaye moja: jina la memba, idadi ya chupa alizochukua, idadi alizorudisha. Mwanzoni watu walicheka, wakaniita katibu wa takataka. Mama mmoja alirudisha chupa tisa kati ya kumi, akaapa kwamba ya kumi ameipoteza. Wiki mbili baadaye aliileta mwenyewe, ikiwa na harufu ya petroli, na tukaitoboa mbele yake.

Yule kijana wa chukudu nilimwandikia karatasi yenye muhuri wa kooperative: «Samadi, magunia sita, inaenda shambani.» Haina nguvu yoyote ya sheria, na nilimwambia hivyo. Mara mbili imempitisha, mara ya tatu alilipa. Na chupa zetu zimejaza magunia mawili sasa, zimefungwa ndani ya kibanda peke yake, mbali na stoo ya mbegu. Tumeandika barua kwa sheferi kuuliza nani atazibeba na nani atazipokea. Kooperative yenye magunia kama hayo, huku Masisi au kule Walikale, itume hesabu yake kwa gazeti hili, tuiambatanishe na barua ya pili.