Lenzi za Zamani Zisitupwe

Tangu muhula huu uanze, chama chetu cha picha kina ubishi ambao haujakwisha, nami naona yafaa uletwe mbele ya wasomaji wote, wazazi wakiwamo. Chama kimepata kamera moja ya kidijitali, ya namna hizi za sasa zisizo na kioo ndani, iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Haina lenzi. Wenzetu wengine wasema tungoje mpaka ipatikane fedha ya lenzi mpya. Wengine, nami ni mmoja wao, twasema zitafutwe lenzi za zamani za kuzungushwa kwa mkono. Ziko lenzi kama hizo zilizolala katika masanduku ya babu zetu hapa hapa Masasi na Newala, na nyingine mwisho wake ni mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

Watu huuliza kwanza, yawezekanaje kitu cha mwaka 1965 kikae juu ya kamera ya leo? Jibu lake ni hesabu nyepesi. Zile kamera za filamu za kubadili lenzi, kama Zenit ya Urusi, Praktica ya Ujerumani Mashariki na Pentax ya Japani, zilikuwa na kioo nyuma ya lenzi, nacho kilirusha taswira juu hata ikafika jichoni mwa mpiga picha. Kioo kilitaka nafasi ya kuinuka na kushuka. Kwa hiyo lenzi zao za skrubu ya milimita 42 zilitengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilipotoa kamera ya kubadili lenzi isiyo na kioo, na kampuni nyingine zikafuata, nafasi ile ilikuwa haina kazi tena. Katika kamera za Sony za namna hii umbali huo ni milimita 18 tu. Toa 18 katika 45.46, yabaki 27.46. Basi ukitia kati pete ya chuma yenye kimo hicho, lenzi ya zamani hudhani iko nyumbani kwake. Pete yenyewe haina lenzi wala umeme ndani yake, ni bomba tupu, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na lenzi mpya.

Liko jambo moja la kukumbuka. Kamera haiwezi kuitambua lenzi isiyo na umeme, hudhani haijavishwa kitu, na mara nyingi hukataa kupiga. Hapana budi kuingia katika mipangilio yake na kuiruhusu ipige picha bila lenzi. Naandika hili kwa kuwa mtu asiyelijua aweza kurudisha pete dukani akisema ni mbovu.

Wako wasemao, ati simu zatosha. Mimi siidharau simu. Lakini simu nyingi zina tundu la mwanga la ukubwa mmoja tu, na mengine yote huyaamua zenyewe. Mwenye simu hubonyeza akashukuru. Lenzi ya zamani ina namba zimechongwa juu yake: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Mwanafunzi akiziona kwa mara ya kwanza huziona hazina mpango. Na achukue lenzi ya Helios ya Urusi, yenye urefu wa fokasi wa milimita 58. Gawanya 58 kwa 2, upana wa tundu ni milimita 29. Gawanya kwa 4, ni milimita 14.5. Upana umepungua nusu, lakini eneo la duara limepungua hata robo, na mwanga nao ni robo. Ndiyo maana kati ya 2 na 4 ikawekwa 2.8, ili mwanga upungue nusu kwa nusu, na kila namba huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2 ili kuipata ifuatayo. Hesabu ambayo ubaoni yatutia usingizi, hapa yaonekana kwa macho na kuguswa kwa vidole. Ukizungusha pete, kurasa za kiooni zafifia na kung'aa papo hapo.

Halafu iko kazi ya fokasi. Hapa mwenye lenzi ya mkono hasaidiwi na mtambo; azungusha pete mpaka uso wa mtu uwe wazi. Zamani jambo hili lilikuwa gumu kwa wenye macho dhaifu. Kamera ya leo yaweza kukuza sehemu ya picha, hata kope za macho zikaonekana moja moja, au kutia mstari wa rangi kwenye kingo za kile kilicho wazi. Kwa hiyo lenzi ya babu yatumika vyema zaidi leo kuliko babu mwenyewe alivyoweza kuitumia.

Wenzangu hunicheka nisemapo kwamba kule kukawia ni faida. Na wacheke, lakini watazame mfano wa hapa kwetu. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, alitoka Lindi akaja Masasi, akapanda uwanda mpaka Newala na Mahuta, na wapagazi wamemchukulia kamera, vioo vya kupigia picha na chombo cha kunasa sauti. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na ndani yake zimo sura za Wamakonde, Wayao na Wamakua wa nchi hii, akina mama wenye ndonya na mafundi kazini. Ni picha nzuri, zimepigwa na mtu aliyejua kazi yake. Walakini wengi wa watu wale hawakuandikiwa majina. Wametajwa kabila tu. Nafasi ya kuwauliza ilikuwapo, maana vyombo vile vilikuwa vizito, na mtu alikalishwa kitako kwa muda.

Leo nafasi hiyo ni yetu. Bibi akiketi chini ya mkorosho, na kijana akahangaika na pete ya lenzi kwa dakika mbili, hapana njia ila wazungumze. Atamuuliza jina lake, jina la mama yake, na kijiji alikozaliwa, naye ataandika. Mwenye simu angalikwisha kupiga kumi na kuondoka. Kwa maoni yangu picha moja ya mzee wa Newala, yenye jina lake na mwaka wake, ikiwekwa maktabani mwa shule yetu, yashinda mia zinazopotea siku simu inapoanguka majini. Bila shaka aombwe ruhusa kwanza, akikataa, basi.

Sisemi lenzi hizi zafaa kila kazi. Mechi ya mpira haziiwezi, ila mikononi mwa fundi hasa. Ngoma ya sindimba nayo yataka bahati, kwa kuwa mchezaji hangoji. Tena, kama sensa ya kamera ni ndogo kuliko filamu ya zamani, lenzi ya milimita 58 huona sehemu nyembamba tu. Picha ya darasa zima itampeleka mpiga picha nje ya dirisha. Na zielekezwapo kwenye jua hutiwa weupe, kwa sababu vioo vingi vya zamani havikupakwa dawa ya kutosha ya kuzuia mwako. Asimamaye ukingoni Newala saa kumi na moja jioni akiitazama Ruvuma hana budi kukinga kwa kiganja.

Kabla ya kuipokea lenzi, imulikwe kwa tochi. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui ndani ya kioo, nalo likizidi halitoki. Vibao vya tundu vikiwa na mafuta huenda polepole au hukwama. Lenzi isihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu, na kuvu hupenda hapo. Tena miezi ya kupulizia mikorosho salfa ya unga, lenzi zisifunguliwe shambani. Vumbi lile huwasha macho ya watu. Sembuse sensa iliyo wazi.

Kamera nyingi za wazee, kama Yashica za lenzi mbili zilizotumiwa studio, lenzi zake hazitoki. Hizo zisivunjwe kwa tamaa, ziachwe nzima. Twazitaka zile zinazofunguka kwa kuzungushwa.

Basi twawaomba wazazi, kabla ya kumpimia mnunuzi wa vyuma, waipeleke lenzi kwa katibu wa chama Jumamosi asubuhi ipate kumulikwa. Mwenye kuazima ataandikiwa hati, na lenzi yake itarudishwa mwisho wa muhula pamoja na picha moja iliyopigwa kwayo.