SIHA NYUMBANI: Kidonge cha Mara Moja kwa Juma

Mwezi huu twataka kusema juu ya dawa moja tu, nayo ni methotreksati. Ni dawa ya saratani, lakini wengi wanaoimeza hawana saratani kabisa: wana baridi yabisi iliyowavimbisha viungo, au soriasisi, yale maradhi ya ngozi yenye mabaka na magamba. Hupewa vidonge wakavimeze nyumbani, mbali na macho ya tabibu, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Mwaka 1948 Dakta Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba katika watoto 16 wenye saratani ya damu, 10 walipata nafuu kwa dawa iitwayo aminopterini, ijapokuwa nafuu hiyo haikudumu. Methotreksati ni ndugu ya dawa hiyo. Mwaka 1956 Min Chiu Li na Roy Hertz walieleza jinsi walivyowatibu kwayo wanawake wenye saratani itokanayo na kondo la nyuma. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitumika hata kwetu Afrika ya Mashariki, kwa watoto waliovimba taya kwa ile saratani aliyoieleza Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958.

Mwili hauwezi kujenga seli mpya pasipo vitamini ya foliki, iliyomo katika mboga za majani na kunde. Methotreksati imeshabihiana na vitamini hiyo mfano wa ufunguo wa bandia: huingia kufulini, isifungue, na ule wa kweli ukakosa nafasi. Seli za saratani huongezeka upesi, kwa hiyo hudhurika sana. Lakini utando wa kinywa na matumbo, na uboho utengenezao damu, navyo hujijenga upesi, basi havisalimiki. Vikipumzishwa siku 6 hurejea hali yake. Ndiyo sababu mwenye baridi yabisi huandikiwa aghlabu miligramu 7.5 mpaka 25 mara moja kwa juma. Kiasi kile kile kikimezwa kila siku, hata kwa siku chache, chaweza kuua. Ajabu ni kwamba hospitalini, kwa saratani ya mifupa, mgonjwa huweza kutiwa mshipani gramu 12 kwa kila mita ya mraba ya mwili wake akaokoka. Maana siku ya pili huanza kupewa asidi ya foliniki ya kumhami, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Nyumbani hapana mlinzi huyo.

Basi chagueni siku. Kwa nyumba nyingi Ijumaa ni nyepesi kukumbukwa. Iandikwe juu ya pakiti kwa herufi kubwa, na mtu mmoja awe ndiye mtoaji wa vidonge. Viko vya miligramu 2.5 na vya 10, kwa hiyo namba isomwe kila viletwapo vipya. Mwenye mtoto anayetibiwa saratani ya damu azidishe hadhari, kwani aghlabu mtoto huyo hupewa mekaptopurini kila siku na methotreksati kwa juma, zisiwekwe pamoja. Katika Ramadhani, kidonge chaweza kumezwa usiku.

Kichefuchefu na uchovu ni jambo la kawaida, na daktari huandika asidi ya foliki kupunguza udhia huo. Lakini vidonda vya kinywa, homa, fizi kutoka damu, macho kuwa ya manjano, au kikohozi kikavu pamoja na pumzi fupi, ni mambo ya kwenda hospitali siku ile ile. Mwenye mimba asiimeze, kwani humharibu mtoto tumboni. Na mwanamke aliyeiacha angoje miezi 6 kabla ya kushika mimba. Mwanamume naye amwulize daktari wake.

Iko tena Septrin, ambayo watu huinunua dukani kwa kila homa na kikohozi. Nayo huzuia kazi ya foliki. Zikikutana mbili hizi damu yaweza kuharibika vibaya. Mwuza dawa aambiwe kabla hajafungua kabati.

Na ikiwa vidonge vimemezwa kupita kiasi, mgonjwa apelekwe hospitali hata akiwa hahisi lolote, na pakiti ichukuliwe. Asidi ya foliniki hufaa zaidi ikitolewa mapema.