Kemia si ya Vipanga Peke Yao

Vijana wenzangu wa kalamu, leo naomba tugombane kidogo. Nimechoka kusikia hapa Igogo eti kemia ni somo la vipanga, na kwamba msanii wa kweli hukimbilia HKL ili akae mbali na fomula. Huo ni woga tu, tumeuvika joho la usanii.

Hebu tazameni ziwa letu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Kisa? Habari zilizagaa kwamba baadhi ya wavuvi wanamwaga dawa ya wadudu majini ili wavue kirahisi. Kasheshe! Soko la Ulaya likafungwa, viwanda vya minofu vikapunguza kazi, na kibarua ambaye hajawahi kushika sumu akarudi nyumbani mikono mitupu. Swali la Wazungu lilikuwa moja: nani kapima? Hapo hotuba haikufua dafu, wala kiapo cha mvuvi mwaminifu. Alitakiwa mtu wa maabara, mwenye sampuli mkononi na elimu ya kusema kilichomo.

Leo ipo maabara ya taifa ya ubora wa samaki Nyegezi, hapa hapa Mwanza. Karatasi moja ya majibu yao ina uzito kuliko kelele zetu zote za mwaloni.

Nendeni na Geita. Mchimbaji mdogo anachanganya zebaki na mchanga wa dhahabu, kisha anaichoma. Mvuke wake hauna harufu, pua haimwonyi. Nani atamwonya, kama wote tumekimbilia HKL?

Mtaniambia, "Sisi waandishi bwana, yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana! Primo Levi, Mwitaliano, alikuwa mkemia wa kiwanda cha rangi. Mwaka 1975 alitoa kitabu ambacho kila sura ina jina la elementi: chuma, zebaki, dhahabu, kaboni. Kemia haikumuua uandishi. Ilimpa cha kuandika. Sisi tunaandika "ziwa linalia" halafu hatujui linalizwa na nini.

Najua, zipo shule ambako bureti inachorwa ubaoni kwa chaki, mwanafunzi haishiki. Hilo si kosa la mwanafunzi, lakini si sababu ya kunyamaza. Tudai vifaa kwa sauti ile ile tunayodai ukumbi na kipaza sauti.

Basi wadogo zangu, mkiambiwa mchague masomo, msidanganywe na mtu anayejisifu kwamba kemia ilimshinda. Ichukueni. Atoke kwenu mpimaji wa maji, mfamasia, mtengeneza sabuni, mwalimu. Na mwenye kalamu atuandikie kwa Kiswahili, mama muuza dagaa naye ajue nini kimo ndani ya ndoo yake.